Kabla ya Msumeno Kufika Mlimani: Namna ya Kupima Uimara wa Miteremko Kabla ya Kuvuna Miti Ngara na Biharamulo

Wananchi wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, wanaomiliki mashamba ya miti katika maeneo ya miinuko wanapaswa kufahamu kuwa hatari kubwa ya maporomoko ya udongo mara nyingi haiji siku miti inapokatwa. Huja miaka michache baadaye, wakati visiki vimeoza ardhini, miche mipya bado ni midogo na mvua kubwa inanyesha juu ya mteremko uliopoteza kilichokuwa kikiushikilia.

Kufikia wakati huo mnunuzi ameshaondoka na magogo yake na fedha zimeshatumika. Wanaobaki na mteremko ni mwenye shamba, majirani wanaoishi bondeni, shule, barabara na chanzo cha maji cha kijiji. Ndiyo maana tathmini ya uimara wa mteremko hufanyika kabla ya mti wa kwanza kuangushwa, kwa kuwa baada ya hapo mambo mengi hayawezi tena kurekebishwa kwa haraka wala kwa gharama ndogo.

Mazingira ya wilaya hizi mbili

Wilaya ya Ngara, inayopakana na Rwanda na Burundi, ni nchi ya vilima virefu na mabonde yaliyochimbika. Sehemu kubwa ya miinuko yake imejengwa na miamba ya kale ya jamii ya Karagwe-Ankole: migongo ya vilima ni ya miamba migumu ya kwazaiti, na pembeni na mabondeni kuna miamba laini zaidi iliyo katika matabaka, ambayo humong'onyoka na kuwa udongo wa mfinyanzi. Mpangilio huo una maana kubwa kwa mvunaji wa miti. Maji ya mvua hupenya udongo wa juu kwa urahisi, yakifika kwenye tabaka gumu au la mfinyanzi hushindwa kuendelea kushuka, na badala yake hutiririka chini kwa chini kufuata mteremko. Mahali hapo ndipo udongo wa juu huteleza.

Wilaya ya Biharamulo ina maeneo mengi ya mwinuko wa wastani, lakini nayo ina vilima, kingo za mabonde na makorongo ambako mteremko hubadilika ghafla ndani ya shamba moja. Mkulima anayetazama shamba lake kutoka barabarani anaweza kuliona kuwa tambarare, kumbe upande wa nyuma unaoelekea kijito ni mkali kiasi cha mtu kushindwa kupanda bila kushika miti.

Wilaya hizi ziko katika ukanda unaopata misimu miwili ya mvua, yaani vuli kati ya Oktoba na Desemba na masika kati ya Machi na Mei. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kipindi ambacho uvunaji wa miti huwa rahisi, barabara zikiwa kavu na magari yakiweza kufika mlimani. Hata hivyo, ukavu huo ndio unaoficha udhaifu wa mteremko, kwa kuwa udongo mkavu husimama imara hata pale ambapo utashindwa kusimama ukilowa.

Aidha, Mkoa wa Kagera si mgeni wa mitikisiko ya ardhi. Tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilisababisha vifo na kubomoa nyumba nyingi mkoani humo. Tetemeko, kama ilivyo mvua kubwa, linaweza kuangusha mteremko uliokwisha kudhoofika.

Ngara pia inafahamu jinsi miti inavyoweza kutoweka kwa kasi. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya takribani saa 24, na kambi kubwa ikaundwa Benaco. Mahitaji ya kuni na nguzo za kujengea yalipunguza sana miti iliyozunguka kambi. Kurejesha uoto mahali palipokatwa ni kazi ya miaka mingi kuliko kukata, na somo hilo linahusu pia mashamba ya miti ya leo.

Kazi inayofanywa na mizizi

Mti ulio kwenye mteremko hufanya kazi mbili ambazo hazionekani. Ya kwanza ni ya mizizi. Mizizi mikubwa hupenya hadi kwenye tabaka la chini na kuufunga udongo wa juu kama misumari inavyofunga ubao, huku mizizi midogo ikisukana na kuushikanisha udongo kama nyuzi za mkeka. Kazi ya pili ni ya maji. Majani huzuia sehemu ya mvua isifike ardhini kwa mkupuo, na mti mzima hunyonya maji kutoka ardhini, hivyo udongo huchelewa kujaa.

Mti unapokatwa, kazi ya pili hukoma siku hiyo hiyo. Kazi ya kwanza hupungua polepole, kwa kuwa mizizi iliyokufa huendelea kuwa na nguvu kwa muda kabla ya kuoza. Mizizi midogo huoza kwanza, kisha mikubwa. Wakati huo huo, miche mipya ikiwa imepandwa, mizizi yake huanza kujenga nguvu. Kati ya kuoza kwa mizizi ya zamani na kukomaa kwa mizizi mipya kuna kipindi ambacho mteremko hauna ulinzi wa kutosha kutoka upande wowote. Nchini Nyuzilandi, ambako misindano hupandwa kwa wingi kwenye vilima, wataalamu huhesabu kipindi hicho kuanzia takribani mwaka wa pili baada ya uvunaji na kuendelea kwa miaka kadhaa. Katika nchi za joto mizizi huoza haraka zaidi, ingawa miti mipya nayo hukua haraka ikipandwa kwa wakati.

Hapa aina ya mti ina uzito wake. Misindano inayopandwa kwa wingi nchini, ambayo wengi huiita mipaini, haichipui baada ya kukatwa, kwa hiyo mfumo wote wa mizizi hufa. Mikaratusi iliyo mingi huchipua kutoka kwenye kisiki, na sehemu ya mizizi yake huendelea kuishi. Kwa mtazamo wa uimara wa mteremko, shamba la mikaratusi lililoachwa lichipue lina nafuu kuliko shamba la misindano lililokatwa lote kwa mara moja. Nafuu hiyo hupotea endapo visiki vitang'olewa ili kuchoma mkaa au kupata nafasi ya kulima.

Funzo kutoka Mgeta

Tanzania ina ushahidi wake yenyewe kuhusu jambo hili. Februari 23, 1970, mvua iliyozidi milimita 100 ilinyesha kwa muda wa takribani saa tatu katika eneo la Mgeta, magharibi mwa Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Mvua hiyo ilisababisha mamia ya maporomoko madogo ya udongo kwa siku moja. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp, waliochunguza tukio hilo na kuchapisha matokeo mwaka 1972, walibaini kuwa karibu maporomoko yote yalianzia kwenye mashamba yaliyolimwa na kwenye maeneo ya nyasi yaliyopumzishwa. Yaliyoanzia mahali penye miti hayakufikia asilimia moja.

Mvua ilikuwa moja, milima ilikuwa ile ile, na tofauti kubwa ilikuwa kile kilichoota juu ya udongo. Kwa mkulima wa Ngara au Biharamulo anayefikiria kuvuna miti na kupanda mihogo au maharage kati ya visiki mlimani, matokeo ya Mgeta yanampa sababu ya kutafakari upya.

Pamoja na hayo, miti haizuii kila aina ya poromoko. Mizizi hushikilia tabaka la juu, mara nyingi mita moja au mbili. Poromoko linaloanzia ndani zaidi, kwenye mwamba wenyewe, haliwezi kuzuiwa na mizizi. Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani mkoani Manyara na kuua watu zaidi ya 80. Serikali ilieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji na kumeguka. Karibu zaidi na Ngara, mwanzoni mwa Mei 2023, mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 katika maeneo ya magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Kwa hiyo tathmini haiangalii miti peke yake. Huangalia udongo, mwamba, maji, mwinuko na watu wanaoishi chini.

Mfano wa hesabu

Wataalamu hupima uimara wa mteremko kwa kulinganisha nguvu mbili: ile inayoushikilia udongo na ile inayouvuta kushuka. Nguvu ya kushikilia ikigawanywa kwa nguvu ya kuvuta, jibu huitwa kigezo cha usalama. Jibu likiwa zaidi ya 1, mteremko unasimama. Likiwa 1, uko ukingoni. Likiwa chini ya 1, udongo huporomoka.

Uchukuliwe mfano wa mteremko wa nyuzi 30 wenye udongo wa kina cha mita 1.5 juu ya mwamba, na udongo wenyewe ukiwa na uwezo wa wastani wa kushikamana. Kwa makadirio ya kawaida ya kitaalamu, hesabu hutoa majibu yafuatayo:

- Miti ikiwepo na udongo ukiwa mkavu, kigezo ni takribani 1.7.
- Miti ikiwepo na udongo ukiwa umejaa maji, kigezo hushuka hadi takribani 1.1.
- Mizizi ikiwa imeoza na udongo ukiwa mkavu, kigezo ni takribani 1.3.
- Mizizi ikiwa imeoza na udongo ukiwa umejaa maji, kigezo hushuka hadi takribani 0.7.

Namba hizi ni za mfano na kila shamba lina namba zake. Zinaonesha, hata hivyo, kwa nini watu wengi hudanganyika. Mteremko uliokatwa miti unaweza kusimama kiangazi kizima na hata msimu mmoja au miwili ya mvua za wastani, na mwenye shamba akaamini kuwa hakuna tatizo. Kilichopotea ni akiba iliyokuwa ikiuwezesha mteremko kuvumilia mvua isiyo ya kawaida.

Poromoko dogo nalo lina uzito. Kipande cha udongo chenye urefu wa mita 20, upana wa mita 10 na kina cha mita moja kina ujazo wa mita 200 za ujazo, sawa na takribani tani 360. Huo ni mzigo wa malori 18 ya tani 20, ukishuka kwa pamoja bila breki kuelekea nyumba iliyo bondeni.

Hatua za tathmini shambani

Tathmini ya awali inaweza kufanywa na mwenye shamba akishirikiana na afisa misitu na viongozi wa kijiji, kabla ya mtaalamu wa jiolojia kuhitajika. Hatua zake ni hizi.

*Kwanza, kuangalia kilichopo chini.* Tathmini huanzia bondeni. Orodheshwe nyumba, shule, zahanati, barabara, kalavati, mashamba na vyanzo vya maji vilivyo kwenye njia ambayo tope lingeweza kupita. Mteremko mkali usio na mtu chini yake na mteremko wa wastani wenye shule chini yake havibebi hatari moja.

*Pili, kupima mwinuko.* Afisa misitu hutumia kifaa maalumu, lakini mwananchi anaweza kupata makadirio mazuri kwa ubao ulionyooka wenye urefu wa mita moja, chupa yenye maji nusu na rula. Ncha moja ya ubao huwekwa juu ya ardhi upande wa mlimani, na ncha ya pili huinuliwa upande wa bondeni hadi maji ndani ya chupa iliyolazwa juu ya ubao yaoneshe kuwa ubao uko sawa. Kisha hupimwa umbali kutoka ncha hiyo iliyoinuliwa kushuka wima hadi ardhini. Sentimita 27 ni sawa na nyuzi 15, sentimita 47 ni nyuzi 25, sentimita 58 ni nyuzi 30, na sentimita 70 ni nyuzi 35. Vipimo vichukuliwe sehemu nyingi za shamba, hasa pale mteremko unapobadilika. Maporomoko mengi ya udongo wa juu hutokea kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 25 na 45.

*Tatu, kusoma umbo la ardhi.* Maji hukusanyika kwenye vibonde vilivyo ubavuni mwa kilima, vyenye umbo la kijiko au la bakuli lililokatwa. Vibonde hivyo huwa na udongo mwingi zaidi na hulowa kuliko migongo iliyo kando yake. Ndiko maporomoko mengi huanzia, na ndiko miti inapaswa kubakizwa hata kama sehemu nyingine itavunwa.

*Nne, kutafuta dalili za zamani.* Mteremko uliowahi kuporomoka unaweza kuporomoka tena. Makovu yenye umbo la nusu duara, vilima vidogo vya udongo uliorundikana chini, nyufa zinazokatiza mteremko, na miti iliyopinda kwenye shina kisha ikanyooka kwenda juu ni dalili kwamba udongo umekuwa ukisogea. Wazee wa kijiji wanapaswa kuulizwa, kwa kuwa wanakumbuka matukio ambayo nyasi na miti vimekwisha kuyafunika.

*Tano, kuchimba mashimo ya majaribio.* Shimo la kina cha mita moja hadi moja na nusu huonesha unene wa udongo, mahali tabaka linapobadilika na kama kuna unyevu unaochuruzika kwenye mpaka wa matabaka. Udongo wa kichanga au wa mawe uliolala juu ya mfinyanzi unaoteleza au juu ya mwamba ulioinama kufuata mteremko ni ishara ya tahadhari. Mashimo hayo yafukiwe mara baada ya kuangaliwa.

*Sita, kufuatilia maji.* Chemchemi, maeneo yenye majimaji wakati wa kiangazi, na mitaro inayoelekeza maji ya barabara au ya paa kwenye mteremko, yote yaandikwe. Ni vyema shamba likatembelewa pia wakati wa mvua, kwa kuwa ziara ya Julai haioni kinachoonekana Aprili.

Kugawa shamba katika madaraja

Baada ya hatua hizo, shamba hugawanywa katika sehemu na kila sehemu hupewa daraja lake. Mgawanyo rahisi una madaraja matatu.

Daraja la hatari ndogo ni maeneo ya mwinuko mdogo, yasiyo na dalili za mteremko kusogea na yasiyo na makazi chini yake. Hapa uvunaji wa kawaida unaweza kuendelea kwa kufuata taratibu.

Daraja la hatari ya kati ni maeneo ya mwinuko wa wastani hadi mkali yasiyo na dalili za wazi. Hapa uvunaji ufanyike kwa vipande, kwa kupishanisha miaka, na upandaji mpya ufuate mapema.

Daraja la hatari kubwa ni miteremko mikali, vibonde vinavyokusanya maji, maeneo yenye nyufa au makovu ya zamani, kingo za vijito, na mteremko wowote wenye watu chini yake ambao uimara wake una mashaka. Hapa miti ibakizwe, au ushauri wa mtaalamu utafutwe kabla ya uamuzi wowote. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) ni chombo cha Serikali chenye utaalamu wa masuala ya miamba na majanga ya asili ya kijiolojia.

Kwa mwenye shamba, daraja la tatu linaweza kuwa habari chungu. Miti iliyo humo ni mali yake na huenda aliitegemea kulipa ada ya shule au kumalizia nyumba. Hata hivyo, sehemu yenye hatari kubwa mara nyingi ni kipande tu cha shamba, na kuitambua mapema humwezesha kupanga mauzo ya sehemu zilizo salama na kukubaliana bei na mnunuzi akiwa anajua miti ipi haiuzwi.

Barabara za kutolea magogo

Tafiti katika nchi mbalimbali zimeonesha kuwa, kwa kila hekta, barabara za kutolea magogo husababisha maporomoko mengi kuliko ukataji wenyewe. Barabara inapochongwa ubavuni mwa kilima hukata sehemu ya chini iliyokuwa ikiubeba mteremko, udongo uliochongwa hurundikwa ukingoni bila kushindiliwa, na maji yote ya juu hukusanywa na kumwagwa mahali pamoja.

Njia za magogo zipite kwenye migongo ya vilima kila inapowezekana, zikatize vijito mara chache, na ziwe na michepuo ya maji kila baada ya umbali mfupi ili mkondo mmoja usipate nguvu. Mashine za kukokota magogo zibaki kwenye mwinuko mdogo, usiozidi takribani asilimia 30 hadi 40, yaani nyuzi 17 hadi 22. Njia zikiisha kutumika zifungwe na zioteshwe nyasi, badala ya kuachwa ziwe makorongo.

Mabaki ya uvunaji nayo yasitupwe kwenye vijito. Kimbunga Gabrielle kilipoipiga Nyuzilandi Februari 2023, mabaki ya magogo yaliyosombwa kutoka vilima vilivyovunwa yaliziba madaraja na kufunika mashamba. Kalavati la kijijini huzibwa na matawi machache tu, na maji yanayokosa njia hubomoa barabara.

Namna ya kuvuna kwa tahadhari

Pale tathmini inaporuhusu uvunaji, hatua chache hupunguza sana hatari. Ukataji ufanyike mapema kiangazi, ili njia na mitaro ikamilishwe kabla ya mvua za vuli. Miti ikatwe kwa vipande na kuacha mistari ya miti inayokatiza mteremko. Visiki visingo'lewe wala kuchomwa moto. Mikaratusi iachwe ichipue, na palipovunwa misindano miche ipandwe mwanzoni mwa msimu wa mvua unaofuata. Kilimo cha jembe kisifanyike kwenye miteremko mikali iliyotoka kuvunwa. Pale ambapo mwenye shamba anahitaji mazao ya chakula, yalimwe sehemu za chini na tambarare, pamoja na makinga maji.

Masharti haya yaandikwe katika makubaliano ya mauzo. Mkataba unaotaja idadi ya miti na bei pekee humwachia mwenye shamba gharama zote za kufunga njia, kusafisha mitaro na kupanda upya. Mkataba mzuri hutaja miti inayobakizwa, njia zitakazotumika, anayewajibika kuzifunga, na sehemu ya malipo itakayozuiliwa hadi kazi hiyo ikamilike.

Sheria na vyombo vinavyohusika

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inatambua misitu ya hifadhi ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Kwa misitu ya asili, maombi ya uvunaji hupitiwa na Kamati ya Uvunaji ya Wilaya inayoongozwa na Mkuu wa Wilaya. Kwa mashamba binafsi, mwenye miti anashauriwa kuanzia ofisi ya kijiji na ofisi ya misitu ya wilaya, ambako pia hupatiwa maelekezo kuhusu hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Usimamizi wa misitu ya Serikali Kuu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Katika wilaya zenye mabonde membamba kama Ngara, mita hizo 60 mara nyingi ndizo hizo hizo zenye mteremko mkali zaidi, hivyo kuiheshimu sheria ni sehemu ya kujikinga na maporomoko.

Manufaa yake yanavuka mpaka wa kijiji. Mito Ruvubu na Kagera hupokea udongo unaosombwa kutoka vilima hivi. Katika maporomoko ya Rusumo kuna mradi wa umeme wa megawati 80 unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, na kutoka hapo mto Kagera huelekea Ziwa Victoria. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, inayobeba mizigo ya nchi jirani, nayo hutegemea mitaro na makalavati yasiyozibwa na tope.

Dalili za kuchukua hatua mara moja

Hata baada ya tathmini nzuri, mteremko uliovunwa uendelee kukaguliwa kwa miaka kadhaa, hasa baada ya mvua kubwa. Wananchi wanapaswa kutoa taarifa wanapoona nyufa mpya ardhini au kwenye kuta, milango inayoanza kukwama bila sababu, nguzo au miti inayoanza kuinama, chemchemi inayojitokeza mahali pasipokuwa na maji, au kijito kinachobadilika ghafla na kuwa na tope. Kijito kinachopungua maji ghafla wakati mvua ikiendelea ni dalili ya hatari zaidi, kwa kuwa huenda udongo umekiziba juu na maji yanajikusanya nyuma yake.

Dalili hizo zikionekana, familia zilizo chini ya mteremko zihame kwanza kwenda upande, nje ya njia ya maji, na taarifa itolewe kwa Mwenyekiti au Afisa Mtendaji wa Kijiji ili ifikishwe kwenye kamati ya usimamizi wa maafa ya wilaya. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114. Taarifa za mvua zinazotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) zifuatiliwe kila siku wakati wa vuli na masika.

Mwenye shamba anayekusudia kuvuna kiangazi kijacho ana nafasi ya kuanza sasa. Atembelee shamba lake wakati wa mvua, apime miteremko, aweke alama kwenye miti itakayobaki, na amwalike afisa misitu pamoja na majirani wanaoishi bondeni kabla ya kukubaliana na mnunuzi. Majirani hao hawatapata fedha za mbao, lakini ndio watakaolala chini ya mteremko huo kwa misimu yote ya mvua itakayofuata.